Vizazi Saba Bila Padre: Wakristo wa Urakami na Kazi ya Kusubiri

Katika historia ya Ukristo ni jumuiya chache zilizosubiri kwa muda mrefu kama ile ya Urakami, kijiji cha wakulima kilichokuwa kaskazini ya mji wa Nagasaki, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, ambacho leo kimemezwa na mji huo. Tangu mwaka 1644, alipouawa Konishi Mancio, padre wa mwisho aliyekuwa amebaki nchini humo, hadi mwaka 1865, wakulima hao walikaa zaidi ya miaka 220 bila padre, bila misa, bila askofu na bila barua yoyote kutoka kwa Wakristo wenzao wa ng'ambo, huku dini yao ikihesabiwa kuwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Hata hivyo, siku walipokutana tena na mapadre, walikuwa bado wanasali, wanawabatiza watoto wao, na wanajua kwamba wamo katikati ya Kwaresima. Mara nyingi jambo hilo husimuliwa kuwa ni muujiza, na mwenye imani ana haki ya kuliona hivyo; lakini simulizi la muujiza likiachwa peke yake hufunika kazi waliyoifanya watu wenyewe, kwa maana uaminifu wa Urakami ulikuwa utumishi uliogawanywa kati ya watu wenye majukumu yanayojulikana, uliotekelezwa wiki baada ya wiki, na kurithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto kama shamba linavyorithishwa.

Ukristo uliingia Japani tarehe 15 Agosti 1549, siku ambayo Francis Xavier, mmisionari wa Shirika la Yesu, yaani Myesuiti, alitua Kagoshima. Ni mtu yuleyule ambaye miaka 7 kabla yake, akiwa safarini kutoka Msumbiji kwenda Goa, alishuka Malindi, ambako kanisa dogo la enzi za Wareno bado linahusishwa na jina lake. Japani ya wakati huo ilikuwa imegawanyika chini ya madaimyo, yaani mabwana wa kimwinyi waliokuwa na ardhi na majeshi yao, na baadhi yao waliupokea Ukristo, wengine kwa kusadiki, wengine kwa kutamani biashara ya merikebu za Kireno, na pengine kwa sababu zote mbili kwa pamoja. Omura Sumitada alibatizwa mwaka 1563 akawa daimyo wa kwanza Mkristo, na mwaka 1580 aliwakabidhi Wayesuiti bandari ya Nagasaki. Miaka minne baadaye Arima Harunobu aliwapa Urakami. Kufikia mwanzo wa karne ya 17 Wakristo wa Japani walikadiriwa kuwa 300,000 hivi, ilhali mapadre walikuwa wachache mno. Uhaba huo, uliowasumbua sana wamisionari, ndio uliowaandaa watu kwa yaliyokuwa yakija bila mtu yeyote kukusudia, kwa kuwa katika vijiji ambavyo padre alifika mara chache kwa mwaka walei walikwisha kuzoea kukusanyika katika vyama vya kidugu, kuongoza sala, kuzika wafu, na kubatiza watoto pale ilipolazimu.

Kufungwa kwa mlango hakukutokea kwa siku moja. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiiunganisha nchi kwa upanga, alitoa amri ya kuwafukuza wamisionari, na tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26, wageni na wenyeji, walisulubiwa kwenye kilima cha Nagasaki. Baadaye ukoo wa Tokugawa ulishika cheo cha shoguni, yaani mtawala wa kijeshi aliyeitawala nchi kwa jina la mfalme, na mwaka 1614 ukapiga marufuku Ukristo nchini kote, ukiwaona waumini wake kuwa watu wenye utii wa pande mbili. Mwaka 1622 watu 55 waliuawa Nagasaki kwa siku moja, wengine wakichomwa moto na wengine wakikatwa vichwa. Uasi wa wakulima wa Shimabara wa miaka ya 1637 na 1638, uliochochewa na kodi na njaa lakini ukabeba alama za Kikristo, uliwathibitishia watawala hofu yao, na mwaka 1639 Wareno walikatazwa kabisa kukanyaga nchi hiyo. Mapadre waliobaki mafichoni walisakwa mmoja mmoja, na baadhi yao, akiwamo Cristóvão Ferreira, mkuu wa Wayesuiti aliyening'inizwa kichwa chini katika shimo mwaka 1633, waliikana imani kwa kushindwa kustahimili mateso.

Baada ya mapadre kwisha, serikali iligeukia kaya za watu wa kawaida, na hapo ndipo ugumu wa kusubiri unapoonekana kwa ukubwa wake, kwa sababu utawala wa Tokugawa ulijenga mojawapo ya mifumo makini zaidi ya kuchunguza imani za raia iliyopata kuwapo duniani kabla ya karne ya 20. Kila mtu alitakiwa kuandikishwa katika hekalu la Kibudha, ambalo lilithibitisha kila mwaka kuwa yeye si Mkristo, na ambalo pia lilisimamia maziko yake. Kaya ziliwekwa katika makundi ya kaya tano tano, na endapo Mkristo mmoja angegunduliwa katika kaya moja, kaya zote tano zilibeba adhabu. Kwenye njia panda na sokoni zilisimikwa mbao za matangazo zilizotaja kiasi cha fedha atakachopewa mtu atakayemfichua padre, katekista au muumini wa kawaida. Vitisho hivi havikuwa maneno matupu: mwaka 1657, katika eneo la Omura lililopakana na Urakami, zaidi ya watu 600 walikamatwa, na zaidi ya 400 kati yao wakauawa.

Ndani ya mfumo huo watu wa Urakami waliunda wa kwao. Mapokeo ya kijiji humtaja Magoemon kuwa ndiye aliyeuanzisha, na muundo wake, ambao ulikuja kufahamika kwa undani kutokana na mahojiano ya polisi na baadaye kutokana na maelezo ya waumini wenyewe, ulikuwa na ngazi tatu. Juu kabisa alikuwapo chokata, yaani mtunza daftari, mmoja tu kwa kijiji kizima, ambaye aliihifadhi kalenda ya Kanisa, akakokotoa siku za sikukuu na za mfungo, na kufundisha sala. Chini yake walikuwapo mizukata, yaani watu wa maji, mmoja kwa kila kitongoji, ambao kazi yao ilikuwa kubatiza. Wa mwisho walikuwa kikiyaku, yaani wasikilizaji, ambao kila mmoja alikuwa na kaya zake za kuzihudumia, naye ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba kueleza kwamba siku fulani ni Jumapili, siku fulani ni ya kufunga, siku fulani watu wasishike sindano wala jembe. Habari ilishuka kutoka kwa mtunza daftari hadi kwa mtu wa maji, kutoka kwake hadi kwa msikilizaji, na kutoka kwa msikilizaji hadi jikoni kwa mama mwenye nyumba. Ni dhahiri kwamba mpangilio wa namna hiyo uliwafaa pia kwa usalama, kwani aliyekamatwa hakuwa na wengi wa kuwataja. Lakini thamani yake kubwa zaidi ni kwamba ulimpa kila mmoja jambo dogo la kufanya, jambo ambalo kama asingelifanya lingemkosesha mwenzake siku yake ya Bwana.

Kati ya kazi hizo tatu, ile ya kalenda ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kalenda ya Kanisa hufuata jua, ilhali kalenda iliyotumika Japani wakati huo ilifuata mwezi mwandamo na kuongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka michache ili isiachane na majira, kwa hiyo hakuna sikukuu ya Kikristo iliyoangukia tarehe ileile miaka miwili mfululizo. Zaidi ya hayo, juma la siku 7 halikuwamo kabisa katika maisha ya kawaida ya Wajapani: soko halikulifuata, hekalu halikulifuata, wala hapakuwa na ofisi au shule iliyofungwa siku ya saba. Mtunza daftari alikuwa akiihesabu Jumapili katika nchi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeihesabu. Kama angepoteza siku moja kwa ugonjwa, kwa kifungo au kwa kuzidiwa na uzee, hapakuwa na wa kumuuliza, na kosa lake lingeendelea kuzaa makosa katika vizazi vyote vilivyofuata. Msingi wa hesabu hiyo ulikuwa kalenda ya mwaka 1634, ambayo mapokeo huihusisha na katekista wa Kijapani aitwaye Bastian, yaani Sebastiani, ambaye inasemekana alifundishwa namna ya kuikokotoa na mwalimu wake, kabla Bastian mwenyewe hajakamatwa na kuuawa. Kila mwaka mpya ulipokaribia, mkulima mmoja aliketi na nakala ya kalenda hiyo, akailinganisha na kalenda ya serikali, akaipata Pasaka, kisha akarudi nyuma kuitafuta Jumatano ya Majivu. Hata leo mtu msomi mwenye vitabu angeona kazi hiyo ni ngumu.

Sala nazo zilihifadhiwa kwa ulimi na sikio. Ziliitwa orasho, neno lililotokana na Kilatini, na zilichanganya Kilatini, Kireno na Kijapani cha karne ya 16, kwa namna ambayo wasemaji wenyewe, baada ya vizazi kadhaa, hawakuelewa tena kila walichokitamka. Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki zilifundishwa watoto kwa siri walipofikia umri wa kuweza kufunga midomo yao. Wapo wanaoona katika hali hiyo dalili ya imani iliyogeuka kuwa maneno yasiyo na maana, na hoja yao ina uzito kwa baadhi ya visiwa, ambako sala zilibadilika sana. Lakini mtu anayetamka kwa uangalifu maneno asiyoyaelewa, akijua kwamba babu yake aliuawa kwa ajili ya maneno hayo, hawezi kusemwa kuwa anayatamka bure. Nyumbani baadhi ya kaya ziliweka sanamu ndogo za kaure nyeupe kutoka China zenye sura ya Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha kwa huruma yake, na watu wakasali mbele yake wakimkusudia Bikira Maria. Mgeni aliyeingia ghafla aliona nyumba ya Wabudha.

Jaribu zito kuliko yote lilikuja mwanzoni mwa kila mwaka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1620 maofisa wa Nagasaki walikuwa na desturi ya kuwaamuru watu wakanyage picha ya Kristo au ya Maria, picha iliyoitwa fumie, ili asiyethubutu ajulikane. Mwanzoni zilitumika picha zilizonyang'anywa Wakristo wenyewe, na zilipochakaa kwa nyayo, mwaka 1669 fundi wa shaba wa Nagasaki aitwaye Hagiwara Yusa aliagizwa kutengeneza vibao 20 vya shaba, ambavyo vingi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, nyuso zake zikiwa zimelika na kulainika kiasi kwamba pua na macho hayatambuliki tena. Huko Urakami zoezi hilo lilifanyika katika nyumba ya mkuu wa kijiji, na watu waliitwa kwa majina, wazee kwa watoto, wagonjwa wakibebwa. Wakristo wa Urakami walikanyaga. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu vitabu vya ibada mara nyingine hulipita haraka kwa kuona aibu kwa niaba yao. Walikanyaga kila mwaka, kizazi baada ya kizazi, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa Nagasaki miaka ya 1850, na kila mwaka walirudi nyumbani wakiwa na mzigo wa kuamini kwamba wamemtendea Bwana wao uovu.

Kilichowawezesha kuendelea ni fundisho ambalo Kanisa lilikuwa limewaachia kabla ya mlango kufungwa. Mwaka 1603, chini ya Askofu Luís de Cerqueira, kilichapishwa kijitabu kuhusu konchirisan, yaani majuto kamili: fundisho kwamba mtu asiyeweza kumpata padre, akijutia dhambi zake kwa kuwa zimemchukiza Mungu aliye mwema, na akiazimia kuungama mara tu padre atakapopatikana, huweza kusamehewa hata kabla ya kuungama. Nakala za mkono za kijitabu hicho zilipita kwa siri kutoka kizazi hadi kizazi, na sala yake ya toba ikakaririwa baada ya kukanyaga fumie na kando ya vitanda vya waliokuwa wakifa. Ni vema kutambua nguvu ya sharti lililomo ndani yake. Msamaha huo ulikuwa umefungamanishwa na azimio la kuungama baadaye, kwa hiyo kila aliyetubu alikuwa anajiwekea deni kwa padre ambaye hajaja, na kwa kufanya hivyo alikiri kwamba padre huyo atakuja. Kusubiri kuliingia ndani ya tendo lenyewe la toba. Mtu asiyetarajia kitu asingeweza kuisali sala hiyo kwa ukweli.

Matarajio hayo yalipewa pia kipimo. Bastian, kwa mujibu wa mapokeo ya Urakami na ya Sotome, pwani iliyo magharibi yake, aliacha utabiri kwamba watu wake watahesabiwa kuwa watoto wake hadi kizazi cha saba. Kwamba baada ya hapo watakuja waungamishi katika merikebu kubwa nyeusi, na watu wataweza kuungama hata kila wiki. Kwamba wataimba nyimbo zao kwa sauti popote waendapo. Na kwamba wasio Wakristo watawapisha njiani. Mwanahistoria hawezi kuthibitisha kwamba maneno hayo yalisemwa hivyo, wala lini. Kinachojulikana ni kwamba yalisimuliwa, na kwamba yaliwafanya watu wahesabu vizazi. Ahadi ya mbali kiasi hicho ni ngumu kwa namna ya pekee, kwa sababu mtu wa kizazi cha pili au cha tatu aliyeiamini alijua kwa hakika kwamba yeye mwenyewe hataiona ikitimia, na bado alimfundisha mwanawe hesabu ya Jumapili.

Pwani ya Afrika Mashariki inatoa mfano wa kulinganisha, na ulinganisho huo unasaidia kuona upekee wa Urakami. Wareno walikuwa na makanisa Mombasa na kwingineko katika karne hizohizo, wakabatiza wenyeji kadhaa, akiwamo Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia na kurudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwaka 1631 mfalme huyo aliwaasi Wareno na Wakristo wa mji wakauawa, na ingawa Wareno walirejea, Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakukuta jumuiya yoyote ya Wakristo wenyeji iliyosalia tangu enzi hizo. Si haki kuwalaumu watu wa Mombasa kwa hilo, kwani walikuwa wachache na Ukristo wao ulikuwa umeegemea ngome na mapadre wake. Lakini tofauti inafundisha kwamba muda wa kusubiri peke yake hauelezi kwa nini imani moja inadumu na nyingine inatoweka. Urakami palikuwa na watu waliokabidhiwa kazi, na kazi hizo hazikumhitaji mgeni.

Kizazi cha saba cha watunza daftari kilikuwa cha mtu aitwaye Kichizo. Mwaka 1856, katika msako wa tatu kati ya minne mikubwa iliyokikumba kijiji hicho, alikamatwa na wenzake, akafa gerezani. Kwa jicho la kibinadamu hapo ndipo mnyororo ulipokatika, miaka 9 tu kabla ya mwisho wa kusubiri.

Wakati huohuo mlango wa Japani ulikuwa ukifunguliwa kwa nguvu. Merikebu za Marekani zilifika mwaka 1853, mikataba ya biashara ikatiwa saini mwaka 1858 na mataifa kadhaa, na wageni wakaruhusiwa kuabudu katika bandari walizopangiwa. Mapadre wa Shirika la Misioni za Kigeni la Paris walijenga kanisa Oura, mtaa wa wageni wa Nagasaki, kwa heshima ya wale wafiadini 26 wa mwaka 1597, ambao Papa Pius IX alikuwa amewatangaza watakatifu mwaka 1862. Padre Louis Furet, aliyeanza kazi hiyo, aliondoka kurudi Ufaransa kabla kanisa halijazinduliwa, akiwa amekata tamaa ya kuwapata wazao wa Wakristo wa kale. Kanisa lilizinduliwa tarehe 19 Februari 1865, na Wajapani, ambao kisheria walikuwa bado wamekatazwa Ukristo, walikuja kulishangaa kama walivyoshangaa kila kitu cha wageni, wakaliita Hekalu la Wafaransa.

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 1865, kiasi cha saa sita na nusu mchana, kikundi cha watu wapatao 15, wanaume, wanawake na watoto, kilisimama mlangoni. Padre Bernard Petitjean aliwafungulia, akatangulia hadi mbele ya altare, akapiga magoti kusali. Wanawake watatu walimsogelea, na mmoja wao, ambaye mapokeo humtaja kuwa Isabelina Sugimoto Yuri, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao wote waliokuwapo ilikuwa sawa na moyo wake, kisha akauliza ilipo sanamu ya Santa Maria. Petitjean aliwapeleka kwenye altare ya pembeni, na walipoiona sanamu ya Maria akiwa amembeba Mtoto, walianza kumweleza kwamba wao huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana siku ya 25 ya mwezi wa sakitu, yaani mwezi wa 11 wa kalenda ya zamani, na kwamba wakati huo walikuwa katika majira ya huzuni. Padre alielewa kuwa wanamaanisha Kwaresima. Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 16 Aprili, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 1 Machi, na siku waliyokutana ilikuwa ya 17 ya mfungo. Hesabu ya watunza daftari ilikuwa imefika salama.

Furaha ya siku hiyo haikuwaondolea watu hao hadhari. Katika majuma na miezi iliyofuata viongozi wa vijiji vingine na wa visiwa walikuja kuwapima mapadre, na maswali yao yalikuwa ya watu wanaojua wanachokitafuta: kama wageni hao wametumwa na mkuu wa Roma, na kama wana wake na watoto, kwa kuwa wazee walikuwa wamewaachia alama hizo pamoja na heshima kwa Maria. Petitjean na mwenzake Joseph Laucaigne nao waliwapima watu wa maji kwa kusikiliza maneno waliyotumia kubatiza, na pale yalipokuwa yameharibika kupita kiasi walibatiza upya kwa sharti, yaani kwa tahadhari, ikiwa ubatizo wa kwanza haukuwa halali.

Kukutana na mapadre, hata hivyo, hakukuwa mwisho wa mateso. Mwaka 1867 watu wa Urakami walikataa kuwaita makuhani wa Kibudha kuzika wafu wao, na kwa kukataa huko wakayaweka hadharani yale yaliyofichwa tangu enzi za mababu. Usiku mmoja wa Julai watu 68 walikamatwa. Chini ya mateso karibu wote waliikana imani, isipokuwa Takagi Sen'emon, mkulima ambaye hakukubali. Nao walioikana, waliporudi kijijini na kuona aibu mbele ya jamaa zao, wengi walikwenda kwa mkuu wa kijiji kufuta maneno yao, wakijua gharama yake. Serikali mpya ya Meiji, iliyoshika madaraka mwaka 1868, iliyasimika tena matangazo ya marufuku, na kati ya mwaka huo na mwaka 1870 ikakihamisha kijiji karibu chote: watu 3,394 walitawanywa katika maeneo ya mbali, na zaidi ya 600 kati yao wakafia huko. Waliopelekwa Tsuwano, mji mdogo wa milimani, walifungiwa katika hekalu lililoachwa. Sen'emon alitumbukizwa katika bwawa lenye barafu, na kijana aitwaye Yasutaro aliwekwa katika kizimba ambacho mtu hawezi kusimama wala kujinyoosha, akafa humo. Ni baada ya malalamiko ya mabalozi, na baada ya wajumbe wa serikali waliozuru Marekani na Ulaya kukumbana na suala hilo kila walikokwenda, ndipo mbao za marufuku ziliposhushwa tarehe 24 Februari 1873.

Waliorudi walizikuta nyumba zimebomoka na vyombo vya kulimia hakuna. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kuhara damu ulizuka, na Iwanaga Maki, msichana aliyetoka uhamishoni, pamoja na wenzake, waliwauguza wagonjwa na kuanza kulea yatima, kazi iliyokuja kuwa chanzo cha jumuiya ya watawa. Mwaka 1880 waumini walikinunua kiwanja cha nyumba ya mkuu wa kijiji, palepale walipokuwa wakikanyagishwa fumie, na kuanzia mwaka 1895 wakajenga kanisa la matofali ambalo lilikamilika mwaka 1914. Bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945 lililipuka juu ya bonde hilohilo, likalibomoa kanisa na kuwaua waumini wapatao 8,500 kati ya 12,000. Kanisa la sasa lilijengwa mwaka 1959.

Historia hii ingekuwa na dosari kama ingeishia kwa waliopokelewa Oura, kwa sababu karibu nusu ya Wakristo waliojificha hawakujiunga na mapadre. Katika kisiwa cha Ikitsuki, katika visiwa vya Goto na katika baadhi ya vijiji vya Sotome, watu waliendelea na sala zao, vyeo vyao na kalenda yao, wakisema kwamba njia waliyoachiwa na mababu ndiyo iliyolipiwa damu, na kwamba kuiacha kwa agizo la mgeni ni kuwasaliti wafu. Ikitsuki maji ya ubatizo yaliendelea kuchotwa katika kisiwa kidogo cha Nakaenoshima, walikouawa Wakristo katika miaka ya 1620. Mapadre wa karne ya 19 waliwaona kuwa ni wapotevu, na waandishi wengine wa siku zetu wamewaona kuwa ni wafuasi wa dini nyingine kabisa. Hukumu zote mbili zinaonekana kuwa nyepesi mno. Watu hao walifundishwa kwa karne mbili kwamba uaminifu ni kutobadilisha chochote, na walipoambiwa wabadilishe, walitii fundisho lile la kwanza.

Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maeneo 12 ya Wakristo hao wa mafichoni katika orodha ya urithi wa dunia, lakini vikundi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuvunjika kimoja baada ya kingine katika karne ya 20, na vilivyobaki Ikitsuki ni vichache. Havikuvunjwa na msako. Vijana walikwenda mijini kutafuta kazi, wazee waliokuwa na vyeo wakafa, na katika kijiji kimoja baada ya kingine hakupatikana mtu wa kuipokea kazi ya kubatiza wala ya kuhesabu siku.